Sifa za Kupaka Mashua

Fundi hakumsifu mtu. Naanzia hapo kwa sababu watu wa Kismayu wakimtaja siku hizi huanzia kwenye mikono yake. Wanasema alikuwa na mikono ya dhahabu, nami nikiwasikia nasaga meno. Mikono ilikuwa mizuri, sikatai. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi katika kiwanda cha barafu kule karibu na bandari, nikamuona akiweka kiganja juu ya bomba na kusema gesi imepungua kabla hatujaleta geji. Lakini mikono ile ilikuja pamoja na ulimi, na sisi wasaidizi wake ulimi ndio tulioishi nao.

Ukimaliza kazi ukajifuta jasho, ukasimama mbele yake bila kusema kitu, alijua unachongoja. Alikuangalia kuanzia viatu mpaka kichwa, polepole, kama anatafuta mahali palipovuja. Kisha alikupa neno lake lile lile, kwa lahaja ya kwetu, ambayo "wataka" huwa "wachaka" na "mtu" huwa "mchu".

"Wachaka sifa? Sifa ni za kupaka mashua."

Kwetu sisi sifa ni vitu viwili. Kuna sifa za mdomoni, ambazo kila mtu anazijua. Na kuna mafuta ya papa, yanayotolewa kwenye ini na kuachwa juani ndani ya debe mpaka yanuke kiasi cha kumkimbiza paka. Hayo nayo ni sifa, na mafundi wa mashua huyapaka kwenye mbao ili chumvi isizile. Kwa hiyo neno la Fundi lilikuwa mzaha, na mara ya kwanza ulicheka. Baada ya hapo ulilisikia kila ulipofanya kazi vizuri, na ukifanya vibaya ulisikia mengine ambayo siwezi kuyaandika.

Hakutuita kwa majina. Wote tulikuwa "waryaa", kwa Kisomali, kama mtu anavyomwita asiyemjua ng'ambo ya barabara. Mimi niliyerudi kutoka kambini Kenya nilikuwa "waryaa mkimbizi", na niliendelea kuwa mkimbizi hata baada ya kujenga nyumba, kuoa na kupata watoto hapa hapa. Nilipomwambia jina langu siku ya kwanza alisema, "Jina ni rangi tu. Nitakuona ukiwa huna rangi."

Rangi. Hapo ndipo palipokuwa na dini yake ya pili, Mungu anisamehe.

Kwa asiyejua, mashine ya barafu haitengenezi baridi. Hilo lilikuwa somo la kwanza, na alilitoa kwa matusi. Mashine huchukua joto lililomo ndani ya maji na kwenda kulitupa nje. Huko nje kuna rejeta, mfano wa ile ya gari ila hii ni kubwa kama mlango wa duka: mabomba ya shaba yaliyopita katikati ya vipande vyembamba vya alumini, ambavyo sisi tuliviita mapezi. Gesi hupita humo ikiwa ya moto, feni huvuta upepo kati ya mapezi, na upepo huondoka na lile joto. Ukiyafunika mapezi kwa vumbi, kwa chumvi au kwa rangi, joto linakosa pa kutokea. Kompresa hukazana na kunguruma, mwisho inakwama, na maji yanabaki maji.

"Kila kinachofunika kinazuia," alisema, na angeishia kwenye mashine tungemshukuru. Lakini yeye alilipeleka mpaka kwa wanadamu. Adabu ilikuwa rangi. Pole ilikuwa rangi. Kumuuliza mtu habari za nyumbani kabla ya kumwambia shida yako ilikuwa rangi, tena iliyopakwa mikono miwili. Mama mmoja alikuja kiwandani akijivuna kwamba friji yake nyumbani imegandisha barafu nene kama godoro. Fundi alimjibu mbele ya wateja wote kwamba barafu iliyoganda juu ya bomba ni blanketi, inazuia baridi isitoke, na kwamba nyama yake inaoza huku yeye anaringa. Mama wa watu alirudi nyumbani akaikuta nyama imeanza kunuka. Hilo ndilo lililotuuma zaidi kwake, kwamba mara nyingi alichosema kilikuwa kweli.

Zahanati ilikuwa na friji ya dawa za watoto, na iliharibika mwezi wa Ramadhani. Fundi alikwenda na saumu yake, akalala chali juu ya sakafu ya moto kutwa nzima, hakutaka msaidizi wala hakutaka shukrani. Ilipowaka, muuguzi, binti mdogo, alikuja na maneno mazuri aliyoyatayarisha. Fundi hakumsikiliza. Alikuwa ameshika kitambaa cha kudarizi, chenye maua, ambacho yule binti alikuwa amekitandika nyuma ya friji kufunika waya ili papendeze.

"Nani aloweka kichu iki?"

"Ni mimi, Fundi. Mamaangu alikidarizi."

Alikichana vipande viwili, akampa vyote, na akina mama waliobeba watoto wao wakatazama. "Basi mamaako ndiye aloua friji," alisema, akachukua mfuko wake wa vyombo na kwenda kuswali. Binti alilia mpaka adhana ya magharibi. Friji ile inafanya kazi mpaka leo.

Sasa mtu wa namna hiyo unamweka wapi? Jirani yetu mmoja alikufa asubuhi, na mwanawe alikuwa Burgao, ikabidi wamngoje aje na mashua. Fundi alileta barafu kwa mkokoteni, akausukuma mwenyewe, akaipanga kumzunguka maiti kwa upole ambao sikuwahi kumuona nao kwa aliye hai. Hakuomba kitu. Alikaa hapo mpaka mtoto akafika, akaangua kilio, akisema alikuwa amepanga kuja kumuona babake mwezi huo huo. Fundi alisimama, akajikung'uta mikono. "Burgao si ng'ambo ya dunia," alimwambia. "Na mashua yako ina injini." Yule kijana hapiti tena kwenye mtaa ule.

Mke alikuwa naye. Mjini kwetu maji matamu huletwa kwa mikokoteni ya punda na hayatoshi, kwa hiyo watu hufulia na kuogea maji ya kisima, yenye chumvi. Kila Alhamisi Fundi alichukua maji matamu ya nyumbani kwake, akaja nayo kiwandani, akaiosha rejeta kwa brashi laini, pezi kwa pezi, kuitoa chumvi iliyoletwa na upepo wa bahari. Mkewe aliogea maji ya kisima. Alivumilia miaka, kisha siku moja alifunga nguo zake kwenye kanga na kusema mlangoni, majirani wakisikia, kwamba yeye hawezi kuwa mke mwenza wa mashine. Fundi alikuja kazini siku hiyo kama kawaida. Tulimpa pole, tukajuta.

Na ndevu. Hapa nacheka, na nitacheka peke yangu kama wengine hawataki. Mtu aliyeichukia rangi kuliko shetani alikuwa anapaka ndevu zake hina, nyekundu ya kuwaka, na akiikosa Ijumaa moja alikuwa mkali kupita kiasi. Mwenye kiwanda aliwahi kuagiza rejeta mpya kutoka Dubai, mapezi yake yana utando mwembamba wa rangi ya dhahabu ambao kule huwekwa kiwandani ili chumvi isiyale. Fundi aliikwaruza kwa ukucha na kunusa.

"Wameipaka hina," alisema kwa dharau.

Sote tulitazama chini, tukawa tunatafuta spana ambazo hazikupotea. Ilirudishwa ilikotoka, na ikaletwa nyingine iliyo uchi, kama alivyotaka. Alumini iliyo uchi, mbele ya bahari yetu, haikai. Baada ya misimu michache mapezi yaliota unga mweupe, ukiyagusa yanavunjika kama kaki. Fundi alijua, maana ndiye aliyekuwa akiyafagia yaliyoanguka. "Chuma hufa," alisema. "Bora kife kikiwa safi."

Sasa nimfikie Lali, maana bila Lali nisingeandika habari za mtu huyu.

Lali ni mume wa dadangu. Ni mtu wa Burgao, kwao ni mafundi wa mashua, amekulia ndani ya chokaa, pamba na madebe ya sifa. Wakati mashua za mbao zilipoanza kupungua na za plastiki kushika, alitaka kazi nyingine, nikampeleka kwa Fundi. Alikuwa mtu mzima tayari, ana watoto, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mimi ulikuwa umeshanitoka: alitaka kusikia amefanya vizuri. Akiosha chombo kidogo anakuangalia usoni. Fundi aliliona hilo tangu siku ya kwanza, na akawa analifanyia mchezo, mtu mzima kwa mtu mzima.

Siku hiyo mimi sikuwepo, nilikuwa bandarini kupokea mitungi ya gesi. Nasimulia alivyonisimulia Lali, na baadaye mtu mwingine alinithibitishia. Rejeta mpya ilikuwa imefungwa, ile ya pili iliyo uchi. Lali aliiosha, akainyoosha mapezi yaliyopinda, akafanya kazi ya kupendeza. Akamwita Fundi.

"Fundi, nimemaliza. Mwaionaje?"

"Wachaka sifa?" alisema Fundi, huku anaelekea kutawadha. "Kaipake."

Mtu mwingine yeyote, Msomali wa mjini, Mswahili wa Mombasa, angejua ametukanwa na angekaa kimya. Lali alikuwa mwana wa mashua. Neno lile alikuwa amelisikia mara nyingi kama mzaha, lakini siku hiyo lilikuja kwa umbo la amri, na akilini mwake lilikaa sawasawa: chumvi inakula mbao, mbao hupakwa sifa, chumvi inakula mapezi, basi Fundi kaona mapezi nayo yapakwe. Alifurahi, masikini. Alidhani hatimaye amepewa kazi ambayo kwao wanaijua kuliko wote. Alikwenda kwa jamaa yake wa ufukweni, akaleta sifa, akachanganya na chokaa ili ishike, akapaka kama anavyopaka babake, mkono wa kwanza, ikakauka kidogo juani, mkono wa pili. Kila nafasi kati ya pezi na pezi aliiziba vizuri. Hakuacha hata tundu.

Sifa inanuka. Ukipika sifa kisiwani Fuma, watu wa kisiwa cha pili wanajua. Na Fundi alirudi kutoka msikitini alasiri kwa njia ile ile, akapita nyuma ya Lali.

"Alisimama," Lali aliniambia. "Wallahi alisimama nyuma yangu. Niliona kivuli chake. Sikugeuka, nilikuwa naona haya, nikadhani anaitazama kazi yangu."

Kisha kivuli kikaondoka.

Jioni mashine iliwashwa. Ilikuwa msimu wa kamba, na wavuvi walikuwa wamejaza sanduku zao, mnunuzi anakuja na ndege kesho yake. Kompresa ilinguruma, ikakazana, ikapiga kelele iliyosikika mpaka bandarini, ikakwama na kuungua. Rejeta ilikuwa ya moto huwezi kuigusa, mafuta ya papa yanachuruzika, harufu imefika sokoni. Asubuhi kamba wote walikuwa wameharibika. Wavuvi walijaa uani, na mwenye kiwanda akiwa katikati yao, sauti imemkauka, akauliza ni nani.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na spana mkononi, ndevu zake zinawaka. Mtu huyu ambaye hakumpa mtu jina, siku hiyo alitoa.

"Muulizeni Sifa," alisema, akamwonyesha Lali kwa kidevu.

Watu walicheka. Katika msiba wote ule walicheka, na jina likashika papo hapo. Lali alijaribu kusema, "Fundi ndiye aliyeniambia," na Fundi akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwa. Mwenye kiwanda alimfukuza. Nilipomwendea Fundi nikamwomba aseme ukweli, kwamba alisema kaipake, na kwamba alipita akaona, alinijibu kwamba mtu asiyejua kutofautisha rejeta na mashua hahitaji shahidi.

Hilo ndilo jambo moja ambalo Lali amelitaka tangu siku hiyo. Hakutaka kazi irudi. Alitaka Fundi aseme mbele ya watu sentensi moja: nilimwambia mimi, na nilimuona. Kwetu jina la kejeli huwezi kulivua wewe mwenyewe. Lazima alivue aliyekuvika. Wanawe waliitwa wana wa Sifa. Dadangu akienda dukani aliulizwa kama leo anapika kwa mafuta ya papa. Kila karakana aliyokwenda kuomba kazi walimsikiliza vizuri mpaka mmoja aseme, "Kumbe ni yule Sifa?" na kikao kikaishia kwenye kicheko. Nilimwendea Fundi tena, mara nyingi, kwa upole na kwa ukali. Nilikwenda hata na mzee wa msikiti. Alimsikiliza mzee mpaka mwisho, akamuuliza kama amekuja kununua barafu.

Nilimchukia. Sioni sababu ya kutafuta neno jingine. Nilikuwa namtazama akila, namchukia namna anavyotafuna.

Na Lali, kwa kisirani kile, akarudi Burgao na kuanza kupaka. Alitundika vipande vya rejeta mbovu ukutani, upande unaopigwa na bahari. Kimoja alikiacha uchi. Kingine alikipaka rangi nzito kwa brashi. Kingine alikipulizia vanishi iliyozimuliwa mpaka ikawa nyepesi, mkono mmoja tu, kiasi kwamba ukitazama kwenye mwanga unaona nafasi zote kati ya mapezi ziko wazi. Kilicho uchi kiligeuka unga. Chenye rangi nzito kilikaa kizima, lakini ukipitisha maji ya moto ndani yake, joto linabaki humo humo. Kile chembamba kilitoa joto karibu sawa na kilicho uchi, na chumvi haikukiweza. Alinieleza haya kwa maneno mengi mno, anarudia na kurudia, macho yake usoni kwangu. Nilimwambia amefanya vizuri. Aliniambia mimi si Fundi.

Kiwanda nacho hakikuchukua muda. Rejeta zake zilizo uchi zilitoboka moja baada ya moja, gesi ikawa inavuja, na mwenye kiwanda akachoka. Alileta mashine mpya zenye ule utando wa dhahabu, na fundi mwingine kutoka Mombasa. Fundi aliambiwa apumzike. Sukari ilikuwa imeshaanza kumla macho. Mimi nikafungua duka langu la kutengeneza friji na viyoyozi, na Lali akarudi kutoka Burgao, akafanya kazi chumba cha nyuma. Kibao cha nje kina jina langu. Kazi ya kupulizia ni yake, yote, na viyoyozi vya nusu ya mji vinapumua kwa mkono wake. Wateja wananisifu mimi, nami nawaachia, kwa kuwa wakijua ni Sifa aliyepaka watavirudisha. Yeye huwasikia kutoka nyuma ya pazia.

Mwaka jana mpwa wa Fundi aliye ng'ambo alinipigia simu, akaomba nimfungie mjomba wake kiyoyozi. Alikuwa anaishi peke yake kwenye chumba kimoja chenye bati, jirani mmoja anampelekea chakula na kuondoka upesi. Nilikwenda na kiyoyozi cha dirishani, cha mitumba, kilichopita kwenye mikono ya Lali. Nilitoboa ukuta nikakifunga. Fundi alikaa kwenye mkeka, haoni ila mwanga na kivuli.

Nilirudi baada ya siku kadhaa kukitazama. Chumba kilikuwa baridi. Fundi alikuwa amelala usingizi mzuri, uso wake umelainika, nikamuona mzee tu wa kawaida. Hina ilikuwa imemtoka, ndevu zilikuwa nyeupe. Aliposikia hatua zangu aliamka.

"Waryaa mkimbizi. Ndoo apa, unishike mkono."

Nilimtoa nje, tukazunguka mpaka nyuma ya ukuta ambako mgongo wa kiyoyozi umetokeza. Aliweka kiganja mbele ya mapezi kusikia upepo unavyotoka na joto. Kisha akapitisha ukucha, polepole, pezi kwa pezi, akanusa, akarudia. Nilikuwa nangoja matusi kuhusu rangi.

"Imepakwa," alisema.

"Ndiyo, Fundi."

"Na upepo wapita." Vidole vyake bado vilikuwa pale. "Mkono mmoja. Hakuziba hata mahali pamoja. Nani alopaka?"

Nilitaka aendelee.

"Uyu ni fundi," alisema.

Miaka yote ile, watu wote wale waliosimama mbele yake wakijifuta jasho, na hakuna aliyepewa neno hilo. Nilidhani mambo yamekwisha, nilidhani wema umeingia kwa mlango nisioujua.

"Ni Lali, Fundi. Mume wa dadangu. Yule mliyemwita Sifa."

Aliondoa vidole vyake kwenye mapezi akavifuta kwenye shuka yake.

"Nilimuona siku ile," alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza habari za hali ya hewa. "Natoka kuswali. Nikasema, ngoja nione ataacha wapi. Hakuacha."

"Basi semeni hivyo hivyo kwa wachu, Fundi. Barazani, Ijumaa. Mimi nitawashika mkono mpaka pale. Ni neno moja tu, na mmeshalisema."

"King'oe."

"Nini?"

"Kiyoyozi chako. Kiondoe hapo ukutani."

"Fundi, ni kaskazi. Mtaungua humo ndani ya bati."

"Sichaki kulala ndani ya sifa za mchu," alisema, na akageuka akitafuta ukuta kwa mkono, akarudi chumbani peke yake.

Nilisimama juani. Ningeweza kukiacha, mzee asiyeona angefanya nini? Lakini nilikwenda nikachukua bisibisi. Nilifungua parafujo moja moja, na kila moja nilifurahi kuifungua. Nilipokitoa kiyoyozi, joto la nje liliingia kwa lile tundu, nami nikalisikia linaingia. Fundi alikuwa amekaa kwenye mkeka, uso kauelekeza kwenye tundu, jasho limeanza kumtoka kwenye paji. Nilijitafutia huruma kidogo nikaikosa. Sikuliziba tundu. Nilimwambia nakwenda, nikapakia kiyoyozi kwenye bajaji.

Njiani niliamua. Nilijiambia nimpake Lali mkono mmoja tu, mwembamba, ambao hautazuia kitu. Nisimwambie uongo. Nimwambie tu ile nusu iliyo nzuri, ambayo ni kweli tupu, na ile nyingine niimeze mwenyewe.

Alikuwa mlangoni mwa duka, anafuta mikono kwa tambara. Alijua nimetoka wapi, na alikuwa ananitazama usoni kama kawaida yake.

"Kakigusa?" aliuliza.

"Kakigusa. Pezi kwa pezi."

"Kasemaje?"

"Kasema, uyu ni fundi."

Tambara lilimponyoka. Alilala nalo neno hilo akilini miaka mingapi, sijui, lakini aliuliza kwa sauti ndogo ambayo sikupata kuisikia kwake.

"Anajua ni mimi?"

"Anajua," nilisema. "Nimemtajia jina lako."

Alifunika uso kwa mikono yake miwili. Mwenye bajaji, aliyechoka kungoja, alishuka akaanza kuvuta kile kiyoyozi kukiteremsha, na bati lake likakwaruza chuma. Lali akaondoa mikono usoni. Akaitazama bajaji, akayatambua mapezi yake, akanitazama mimi.

"Sasa mbona umerudi nacho?"